Ua Usio na Matope

Siku lori la kiwanda lilipoingia kwetu mara ya kwanza
babu Gerrit-Jan alivua kofia, kama mtu aliyeletewa posa.
Mzigo wenyewe ulikuwa taka: vigae vya mabomba yaliyopasuka,
makombo ya mabamba ya paa,
na unga wa kijivu, laini kuliko wa ngano.
Akauliza bei. Dereva akacheka.
Bure, mzee. Sisi twatafuta pa kutupa tu.

Kwetu Twente cha bure hakiulizwi mara mbili.

Wakamwaga, wakasawazisha kwa reki,
mvua ya Novemba ikashuka, barafu ikakanyaga juu yake,
na ua ukashikamana, mgumu, kimya, kama sakafu ya kanisa.
Kwa mara ya kwanza tangu babu wa babu
viatu vya mbao vilifika mlangoni vikavu.
Majirani wakaja kutazama. Kabla ya Pasaka
nao walikuwa na nyua zao.

Uzi wenyewe usiudharau.
Ni jiwe, lakini unasokoteka.
Moto ukiulamba, moto ndio unaochoka.
Panya hautafuni, kutu haiujui.
Uchanganye na saruji, utaishika kama mishipa ishikavyo nyama,
na bamba litakuwa jembamba, jepesi,
mtu mmoja atalipandisha ngazi peke yake.
Tulikuwa nao kwenye paa la banda la nguruwe, lile la mawimbi;
nyuma ya jiko, mbao zisiungue;
kwenye dohani, kwenye bomba la maji ya mvua,
chini ya zulia la plastiki, mgongo wake mweupe kama pamba;
kwenye sanduku la dirishani
ambamo bibi Aaltje alipanda maua mekundu.
Hata kibao cha kuwekea pasi.

Magunia yaliyouleta uzi kutoka machimboni
kiwanda kiligawa pia.
Mama yangu, Berendina, miaka tisa,
kazi yake ilikuwa kuyakung'uta:
gunia kambani, fimbo mkononi, pu, pu, pu,
vumbi likimetameta kwenye jua la asubuhi.
Niliwahi kumuuliza lilikuwaje.
Zuri, akasema. Kama theluji isiyo na baridi.
Kisha viazi vikaingia magunini.

Miaka hamsini na mmoja uzi ulinyamaza.
Deni la namna hii halitumi barua.
Alizaa watoto watatu, akakamua ng'ombe,
akaimba sauti ya pili kwaya kila Jumapili,
mpaka Jumapili moja pumzi ikamwishia katikati ya ubeti.
Daktari Oude Vrielink alitazama picha ya kifua, akauliza swali moja:
ulikulia wapi?
Ya sigara hakuyagusa.

Sasa wamekuja wenye mavazi meupe na vinywa vya mpira.
Wanaunyunyizia ua maji kama wanaoubatiza,
wanauchimba nusu mita,
wanaufunga plastiki juu ya plastiki.
Karatasi yao ina visanduku: Paa? Dohani? Sakafu?
Natia alama. Natia alama.
Kijana wao, Harm, ananionya kwa upole kwamba paa la banda
halimo katika bajeti ya mwaka huu:
lisitobolewe, lisipigwe msasa, lisisuguliwe kuvu.
Likiachwa zima, asema, halina neno.
Namwitikia. Nasikia fimbo.

Babu simlaumu; alitaka miguu mikavu.
Waliokuwa wakijua ni wengine,
na hao hawakuwahi kufua nguo zetu.

Lori la mwisho limeondoka jana alasiri.
Usiku ikanyesha.
Asubuhi nimefungua mlango wa nyuma:
matope. Meusi, mazito, yananuka mizizi na mavi ya ng'ombe,
yaleyale aliyoyakimbia babu.
Nimepiga hatua tatu.
Kiatu cha kushoto kimebaki humo.
Nimekiacha.